Sanduku la kufuli tatu na pesa za Charles Garland

Sanduku letu ni la chuma, rangi yake ya bluu imebabuka, na lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa akina mama watatu wasioishi avenyu moja. Jumapili baada ya ibada tunakaa kwenye viti vya plastiki uani, hapa Majengo, mji wa Goma. Mama wa kwanza anafungua kufuli yake, wa pili yake, wa tatu yake, ndipo kifuniko kinainuka. Mmoja akiwa amelazwa hospitali, sanduku linabaki limefungwa wiki nzima, na hakuna anayenung'unika. Watu wa Kivu wanaujua mpango huu kwa jina la AVEC: mnaweka akiba pamoja, mnakopeshana, na pembeni mnaweka faranga kidogo kwa ajili ya msiba au ugonjwa.

Tangu waasi wa M23 wauteke mji mwishoni mwa Januari 2025 na milango ya benki kufungwa, masanduku kama haya yamebeba mzigo ambao hayakuundwa kuubeba. Lakini kilichonifanya niandike ni ugomvi uliozuka uani pale kuhusu mabayeri, yaani wafadhili. Kijana wetu mmoja aliyefanya kazi miaka minne katika miradi ya haki za binadamu, na sasa yuko nyumbani bila mshahara, alisema kwa uchungu: «Mzee, tusidanganyane. Bayeri ameondoka, utetezi umekufa.» Mzee mmoja akamjibu papo hapo: «Ulikufa siku bayeri alipofika, mwanangu. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.»

Nimesikia maneno haya ya pande mbili mwaka mzima, kwenye teksi, kanisani, na kwenye foleni za kutoa pesa za simu. Yana sababu. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Mwanzoni mwa 2025 ikafunga mkono, na USAID, shirika lake la misaada, lenyewe likavunjwa. Aliyekosa dawa kwa ajili hiyo hahitaji makala yangu. Mimi nazungumzia pesa za aina nyingine, zile chache zinazotolewa ili watu wadai haki: kulipa wakili, kuchapa gazeti, kusafirisha shahidi, kumlisha mgomaji. Kuhusu pesa hizo, kijana na mzee wote wamekosea, na kosa lao ni moja. Wote wanadhani pesa ndiyo inayoamua. Ninataka kuwapeleka New York ya mwaka 1922, kwenye mfuko mmoja wa hisani ambao watu wengi wamekwisha kuusahau.

Charles Garland alikuwa kijana wa zaidi kidogo ya miaka 20 alipoambiwa achukue urithi wa karibu dola milioni moja. Ukoo wake ulijengwa na pesa za benki kubwa ya New York. Akakataa. Hoja yake ilikuwa fupi: hakuichuma yeye, na hakuona kwa nini iwe yake katika nchi ambayo wengine wanalala njaa. Magazeti yakamshangaa. Mwandishi Upton Sinclair akamsihi asiiache ipotee bure, bali aitoe kwa ajili ya mapambano ya wanyonge. Roger Baldwin, aliyekuwa ameanzisha shirika la kutetea uhuru wa raia la ACLU mwaka 1920, akamsaidia kuona njia: ichukue, kisha uitoe yote. Ndivyo mfuko ulivyoanzishwa mwaka 1922. Jina lake rasmi lilikuwa refu, lakini watu waliuita Mfuko wa Garland. Yeye mwenyewe hakuuongoza. Alitaka tu pesa zigawiwe haraka, kwa mambo ambayo hayapendwi na wakubwa, bila kuangalia rangi wala dini.

Waliokaa kwenye meza ya kugawa pesa hizo hawakuwa mabwana wa mabenki. Alikuwemo Norman Thomas, msoshalisti aliyegombea urais wa Marekani mara sita. Alikuwemo Elizabeth Gurley Flynn, mwanamke aliyezunguka nchi nzima akihamasisha migomo. Alikuwemo William Z. Foster, mkomunisti. Alikuwemo pia James Weldon Johnson, Mweusi, ambaye kwa miaka ile ile alikuwa katibu mkuu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Watu hawa waligombana karibu kila kikao. Hata hivyo walisaidia wagomaji, magazeti ya wafanyakazi, mashirika ya wachapishaji, chuo cha wafanyakazi cha Brookwood, na chama cha wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala kilichoongozwa na A. Philip Randolph. Na jambo moja liliwasumbua: hisa za ile benki zilipanda thamani miaka yote ya 1920, kwa hiyo kadiri walivyotoa ndivyo mfuko ulivyozidi kujaa. Mpaka wanaufunga mwaka 1941 walikuwa wamegawa karibu dola milioni mbili, mara mbili ya walichopewa.

Hapa nina habari mbili za kusimulia, na zinavuta kila moja upande wake.

Ya kwanza ni ya Detroit. Tarehe 8 Septemba 1925, daktari Mweusi aitwaye Ossian Sweet alihamia na mke wake katika nyumba aliyoinunua kwa pesa zake kwenye mtaa wa Wazungu. Mtaa ule, kwa bahati tu, uliitwa Garland. Usiku wa pili umati ukajaa barabarani, mawe yakaanza kupiga nyumba. Risasi zikatoka madirishani, Mzungu mmoja akafa. Polisi wakawakamata wote 11 waliokuwa ndani, pamoja na mke wa daktari, na wote wakashtakiwa kwa mauaji. NAACP ikaona kwamba watu hawa wakihukumiwa, hakuna Mweusi wa mjini atakayethubutu tena kulinda mlango wa nyumba yake. Ikamwita Clarence Darrow, wakili aliyevuma kuliko wote. Wakili wa namna hiyo anahitaji pesa.

Johnson akaupelekea Mfuko wa Garland ombi. Mfuko ukakubali, lakini ukaweka sharti: tutatoa kiasi fulani, iwapo ninyi kwanza mtakusanya kwa watu wenu kiasi kinachozidi hicho. Sharti hilo nalipenda mpaka leo. NAACP ikalichukua ikaenda nalo makanisani, kwenye vyama vya akina mama, na kwenye magazeti ya Weusi. Watu wanaofua nguo za wengine na kubeba mizigo kwenye stesheni wakatoa walichokuwa nacho. Miezi michache baadaye zilikuwa zimekusanywa zaidi ya dola 70,000, kiasi kilichoiacha mbali sana ahadi ya mfuko. Kesi ya kwanza ilivunjika kwa sababu wazee wa baraza hawakupatana. Kesi ya pili, Mei 1926, baraza la Wazungu watupu lilimwachia huru Henry, mdogo wake daktari, na baadaye mashtaka ya wengine yakafutwa. Pesa zilizobaki zikawa akiba ya NAACP ya kupeleka kesi mahakamani.

Angalia pesa za nje zilifanya nini hapo. Zilikuta watu wana kesi yao, wana hofu yao na hasira yao, wana mtu wao ndani ya chumba zinakogawiwa. Zikaongeza moto kwenye jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka.

Habari ya pili inaniuma zaidi, na inahitaji kusimuliwa polepole.

Katika miaka ile, jambo lililowatesa Weusi wa Marekani kuliko yote lilikuwa mauaji ya umati. Mtu anashikwa kwa neno la uvumi, ananyongwa kwenye mti au kuchomwa moto, watoto wanaletwa kutazama. Chuo cha Tuskegee kilihesabu watu 4,743 waliouawa hivyo kati ya 1882 na 1968, na 3,446 kati yao walikuwa Weusi. NAACP iliifanya vita hii kuwa ya kwanza. Januari 1922 muswada wa mbunge Dyer wa kuyaadhibu mauaji hayo ulipita katika Baraza la Wawakilishi. Desemba mwaka huo maseneta wa Kusini wakaongea na kuongea mpaka ukafa mikononi mwao.

Mfuko wa Garland ulisaidia kidogo vita hiyo. Lakini wengi mezani walikuwa watu wa siasa za wafanyakazi. Kwao ubaguzi ulikuwa mtoto wa unyonyaji, na dawa yake ilikuwa kuwaunganisha wafanyakazi wa rangi zote, na elimu. Mazungumzo ya miaka mingi kati yao na NAACP yakaanza kuvuta kamba upande wa shule. Mwaka 1930 mfuko ukaahidi dola 100,000 kwa mpango mkubwa wa kesi, hasa za kupinga unyimaji wa pesa kwa shule za watoto Weusi. Kwa chama kilichokuwa kikihesabu kila senti, ahadi hiyo ilikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Chama hakikuacha kupigania sheria ya mauaji ya umati, kiliendelea kuisukuma Bungeni katika miaka ya 1930. Lakini nguvu mpya, mawakili wapya na mpango mpya vilielekea shuleni.

Matunda yake kila mtu anayajua. Tarehe 17 Mei 1954, majaji tisa wa Mahakama Kuu, bila hata mmoja kupinga, walisema shule za kutenga watoto kwa rangi zinavunja katiba. Na ile sheria ya mauaji ya umati? Rais wa Marekani aliitia sahihi Machi 2022, karibu miaka 100 baada ya muswada wa Dyer kufa.

Sisemi kwamba mfuko ndio uliochelewesha karne nzima. Waliochelewesha ni maseneta. Lakini wako wanahistoria wanaosema wazi kwamba pesa za Garland ziliusogeza mkono wa usukani, na mimi ninawaamini, kwa sababu nimewahi kukaa kwenye gari hilo hilo.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kiliandika mradi kuhusu maji. Goma inalala kando ya ziwa, na bado mtoto wa Majengo anaamka usiku kusubiri kwenye robine, yaani bomba la maji, na bidoni mbili. Wazo letu lilikuwa dogo: akina mama waandike kwenye daftari saa ya maji kuja, saa ya kukatika, na bei ya bidoni, robine baada ya robine, kisha tupeleke daftari hilo kwa wakuu wa mji tukiwa na ushahidi. Tukapeleka kwa shirika moja la kigeni. Likatupokea vizuri, likatusifu. Kisha likatuambia kwamba mwaka ule mstari wao wa fedha ulikuwa wa mafunzo ya amani kwa vijana, je, hatuwezi kuingiza maji ndani ya amani? Tukaingiza. Tukakaa atelieri tatu kwenye hoteli, tukasaini orodha za waliohudhuria, tukapokea pesa za transpo, tukavaa gilee zenye logo. Ripoti ilikuwa nzuri. Neno «maji» limo humo mara mbili. Hakuna aliyetulazimisha, na kijana wa shirika lile alikuwa mtu mwema. Sisi wenyewe ndio tulioliweka daftari kabatini.

Kwa hiyo nikisikia habari ya 1930 simhukumu Johnson wala wenzake. Najua jinsi mtu anavyojiambia: tuanze na hili wanalolitaka, letu litafuata.

Lakini habari haikuishia kwenye ahadi. Soko la hisa lilikuwa limeanguka Oktoba 1929, na ule mfuko uliokuwa ukijaa wenyewe ukaanza kukauka. Kati ya zile dola 100,000, NAACP ilipata sehemu ndogo tu. Wakili Nathan Margold aliajiriwa kwa pesa hizo akaandika ripoti yake mwaka 1931, kitabu kizima cha namna ya kuushambulia ubaguzi wa shule mahakamani. Ndani ya mfuko, Roger Baldwin yule yule hakuwa na imani na njia hiyo. Alisema mahakama haitafika popote bila muungano wa wafanyakazi Weusi na Weupe. Bayeri anakauka, na wakati huo huo bayeri hana imani. Kwa hesabu za kijana wetu wa Majengo, hapo ndipo kazi ilipaswa kufa.

Haikufa kwa sababu ya mtu aitwaye Charles Hamilton Houston. Alikuwa mkuu wa skuli ya sheria ya Howard, chuo cha Weusi mjini Washington, na alikuwa ameigeuza kuwa kambi ya kufundisha mawakili wa kupambana na ubaguzi. Alipochukua kazi ya NAACP katikati ya miaka ya 1930, hakuifuata ripoti ya Margold neno kwa neno. Aliigeuza. Alianza na vyuo vikuu, hasa skuli za sheria, mahali ambapo majimbo ya Kusini hayakuwa hata na shule ya kudai kwamba ni «sawa», na ambapo jaji anaelewa haraka kwa sababu na yeye alisoma huko. Alizunguka Kusini kwa gari akiwa na kamera, akipiga picha za shule za mbao za watoto Weusi na za matofali za watoto Weupe. Mwanafunzi wake Thurgood Marshall akashinda naye kesi ya skuli ya sheria ya Maryland, kisha akaendelea. Houston alifariki mwaka 1950, bila kuiona siku ya 1954.

Nadhani hapa ndipo pa kupima. Mfuko ulilipa ripoti. Mpango ulikuwa wa Houston, mawakili walikuwa wa Howard, wazazi waliothubutu kuweka majina yao kwenye mashtaka na kufukuzwa kazi walikuwa wa vijiji vyenyewe. Pesa ikikuta kikao kimeanza, inapewa kiti cha mgeni. Ikikuta ukumbi mtupu, inakaa mbele na kuanza kuita majina.

Mifuko mikubwa iliyofuata ilikuwa na utajiri ambao Garland hakuuota. Wa Ford, ulioanzishwa mwaka 1936, ulitoa pesa mwaka 1967 kuandikisha wapiga kura Weusi mjini Cleveland. Mwaka huo huo mji ukamchagua Carl Stokes, Mweusi wa kwanza kuwa meya wa mji mkubwa Marekani. Miaka miwili baadaye Bunge likatunga sheria ya kuibana mifuko ya namna hiyo. Aliye madarakani haogopi hisani inayogawa uji. Anaogopa ile inayogawa kadi za kura.

Na hofu hiyo ina lugha moja kila mahali. Mfuko wa Garland uliitwa mkono wa Moscow. Kwetu, Machi 2015, vijana wa LUCHA kutoka hapa Goma na wenzao wa Filimbi, harakati mbili za vijana wanaodai haki, walipokutana Kinshasa na vijana wa Senegal na wa Burkina Faso, walikamatwa, na serikali ikadai wanatumiwa na watu wa nje. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwemo mwanadiplomasia wa Marekani, na Wamarekani walikuwa wamechangia kikao kile. Huyo akaachiliwa upesi. Fred Bauma na Yves Makwambala walikaa gerezani mpaka Agosti 2016. Sitaki tupite haraka hapo. Mchango wa ubalozi ulikuwa kitu kidogo katika maisha ya LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012 ikidai maji na ajira, isiyo na rais wala ofisi, inayoishi kwa michango ya wanachama. Lakini kitu hicho kidogo ndicho serikali ilichokishika na kukipeperusha kama bendera. Kilichowaokoa mbele ya watu wa mji huu ni kwamba watu walikuwa wamewaona barabarani tangu mwanzo, wakidai maji ya robine ambayo hakuna ubalozi unaoyanywa. Aliyetaka kuamini kwamba walinunuliwa ilimpasa kwanza asahau alichokiona.

Mzee wetu wa uani alifurahi niliposimulia hayo, akadhani nimemuunga mkono. Hapana. Bila dola za Garland, ripoti ya 1931 isingeandikwa wakati ule, na huenda Henry Sweet angeozea jela. Kuna kazi ambazo sanduku la faranga haliwezi. Wakili wa kwenda mahakama ya kijeshi, tikiti ya ndege ya shahidi, daktari wa kuandika ripoti ya majeraha: hivyo vina bei, na bei hiyo haishuki kwa sababu sisi ni maskini wenye heshima. Ninachokataa ni kusema kwamba kwa kuwa pesa imeondoka, basi na swali letu limeondoka nayo.

Nilimwambia kijana habari ya Montgomery, mji wa Kusini mwa Marekani. Mwaka 1955 Weusi wa mji ule walipogoma kupanda mabasi, mgomo ulidumu siku 381, na magari ya kuwabeba watu kazini yalitaka mafuta kila asubuhi. Michango ilifika kutoka mbali. Lakini mpishi mmoja aitwaye Georgia Gilmore aliwakusanya wanawake wenzake, wakapika kuku na keki majikoni mwao, wakauza kwenye saluni na milango ya nyumba, hata kwa Wazungu, na kila wiki wakapeleka pesa kwenye mkutano. Wakiulizwa zimetoka wapi, walijibu hazijatoka popote, na hilo likawa jina la kikundi chao. Wengi wao walikuwa watumishi wa nyumbani. Jina la mchangaji likijulikana, kazi imekwisha. Akina mama wa kufuli tatu walicheka sana. Mmoja wao anauza sambusa Birere.

Tumelitoa daftari kabatini. Hatukupiga kura kubwa. Mama wa kufuli ya pili aliuliza tu liko wapi, na mtu akaenda kulileta. Kutoka fungu la misiba tulichukua faranga za kununua kalamu na karatasi za kudurusu. Kijana ndiye anayepita asubuhi kwenye robine tisa kukusanya maandishi, na yeye ndiye aliyeongeza safu ya nne ambayo hatukuifikiria zamani: nani amelala pale, mtoto au mtu mzima. Nina ukurasa wa Jumanne iliyopita mbele yangu. Robine ya tatu, maji yamekuja saa tisa usiku, yamekatika saa kumi na moja alfajiri. Bidoni faranga 500. Watoto 14, watu wazima 6.